Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Matunguu

Ndugu wanachama,

Shikamooni wazee wetu, na asanteni nyote mliofika hapa Rochester, jimbo la New York, ikiwa bado na theluji pembeni mwa barabara.

Naanza na maua ya tulipu, maana najua ndizo mtakazoziulizia. Oktoba tulipanda vyungu 40 vya matunguu, yaani yale mafundo yanayofanana na vitunguu ambamo maua haya huota: 15 vya tulipu, 15 vya dafodili na 10 vya hayasinti. Dafodili zilichanua zote. Hayasinti zilichanua zote, na harufu yake iliwafanya akina mama wa pwani wakumbuke vikuba. Tulipu zilichanua vyungu viwili tu. Vile 13 vilitoa majani ya kupendeza, lakini ndani ya majani matumba yalikuwa yamekauka, meupe kama karatasi.

Chanzo tumekipata. Vyungu vya dafodili na hayasinti vilikaa kwenye gereji ya mwanachama, isiyo na hita. Vya tulipu tuliviweka kwenye friji la ukumbi, na humo humo tukahifadhi matufaha tuliyochuma shambani mwezi wa Septemba. Tufaha linapoiva hutoa gesi ya ethilini. Haionekani wala hainuki, lakini huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Kamati ndiyo iliyotoa ruhusa ya matufaha, na mimi ndiye niliyetia saini. Nawaomba radhi, hasa wale vijana waliokuwa wakija kila Jumamosi kuangalia udongo usikauke.

Inaniuma zaidi kwa sababu ua lilikuwa limeshaumbwa. Ukilipasua tunguu la tulipu katikati mwezi wa Oktoba, unalikuta humo, dogo, kamili, linasubiri. Linachosubiri ni baridi: wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzijoto kati ya 2 na 9. Ndani ya muda huo wanga wa tunguu hugeuka sukari, na shina hupata nguvu ya kurefuka. Ukilileta kwenye joto mapema, ua hubaki limekwama katikati ya majani. Wengi wetu tulifika mji huu tukiiona baridi kama adhabu. Mimi mwenyewe nilihesabu siku kwa miaka mitatu. Tangu nianze kupanda matunguu, Novemba ikiingia ninajua kuna kitu kinafanya kazi gizani.

Sasa ziara. Februari tulikwenda tena kwenye jumba la makumbusho la George Eastman, barabara ya East Avenue, kuona maonyesho yao ya kila mwaka yaitwayo Dutch Connection. Safari hii tulikuwa watu 31, wakiwemo watoto 12. Kwa waliojiunga karibuni: Eastman ndiye mwanzilishi wa Kodak, kampuni ya kamera na filamu, na jumba hilo lilikamilika mwaka 1905. Aliishi humo na mama yake, Maria, hadi mama alipofariki mwaka 1907, kisha akabaki peke yake mpaka kifo chake mwaka 1932. Aliyapenda sana maua. Alikuwa na vitalu nyumba vyake uani na aliagiza matunguu kutoka Uholanzi kwa maelfu. Makumbusho yanaendeleza desturi hiyo: nje barafu, ndani tulipu, hayasinti, dafodili na amarilisi, safu juu ya safu.

Kitovu cha yote ni ukumbi wa mimea, wenye mwanga unaoshuka kutoka juu. Mwaka 1919 Eastman aliona ukumbi ule una umbo la mraba kupita kiasi, haujampendeza. Akaamuru nyumba ikatwe vipande viwili na kipande cha nyuma kisogezwe karibu mita tatu. Kazi hiyo iligharimu dola zipatazo 750,000, zaidi ya gharama ya kuijenga nyumba yenyewe. Humo ndimo alimokuwa akinywa chai ya asubuhi huku kinanda kikubwa cha mabomba kikipigwa. Mwaka huu tulibahatika kukisikia, na watoto walikaa kimya, jambo ambalo wazazi wenzangu mtalithamini.

Juu ya maua yale kuna kichwa cha tembo, masikio yametandazwa. Kinachoonekana leo ni cha kuigiza, ila cha mwanzo kilikuwa cha tembo wa kweli, kutoka safari za uwindaji za Eastman barani kwetu. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alifika Kenya pamoja na Martin na Osa Johnson, wapiga picha za wanyama, na Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, aliyefariki Novemba mwaka huo huo kwenye mlima Mikeno, Kongo. Mwaka 1928 alirudi, akapitia mto Nile. Mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Voi, alisimama chini ya kichwa kile muda mrefu. Baadaye aliwaeleza watoto jinsi tembo wa Tsavo wanavyokuwa wekundu kwa vumbi. Naomba ziara ijayo mzee huyo apewe muda rasmi wa kuzungumza palepale, na nimeshamwomba katibu aandike barua kwa makumbusho. Watoto wetu wanayaona maua ya Uholanzi na tembo wa kwao katika chumba kimoja, huko Marekani. Wanahitaji mtu wa kuwasimulia habari zote mbili.

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Hatudaiwi. Basi la ziara lililipwa kwa michango yenu na hakuna aliyeachwa nyumbani kwa kukosa nauli.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inapendekeza tuagize matunguu mapema, kabla Agosti haijaisha, maana tulipochelewa tulipata yaliyobaki, madogo. Tunguu dogo hutoa ua dogo, au halitoi kabisa. Wapandaji wote wavae glavu: wanachama wawili waliwashwa mikono kwa siku kadhaa baada ya kushika hayasinti bila kitu. Vyungu tusivitoe baridini siku moja. Tutoe kidogo kidogo kila wiki, ili maua yafuatane badala ya kuchanua na kunyauka kwa pamoja. Dafodili mkizikata msizitie kwenye maji pamoja na tulipu, utomvu wake unazidhuru. Matunguu yaliyokwisha kuchanua tutayazika uani kwa mama anayetutunzia gereji. Dafodili huenda zikarudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Tulipu sitaziahidi.

Na friji la ukumbi litabaki la vyakula tu. Kwa hiyo tunahitaji mahali pa pili pa baridi kwa vyungu 20, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari, pasipoganda na pasipohifadhiwa matunda. Mwenye gereji au chumba cha chini kisicho na hita amwone katibu leo, kabla hatujatawanyika.