"Ndiyo" yangu iliyomleta mgeni bure

Raskazone, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya changu tangu Idi. Kazi ya mapokezi hainipi nafasi, na mama naye goti lilimrudia, ingawa sasa anafika gengeni na kurudi. Mama Zuhura anakusalimu na anaulizia kanga yake.

Lililonishikisha kalamu usiku huu ni neno dogo la Kiingereza, "Yes", ambalo wewe unalifundisha huko Bagamoyo na mimi nilidhani ninalijua. Juma lililopita mgeni alipiga simu akauliza, "You don't have a room facing the sea?" Vyumba vya upande wa bahari vilikuwa vimejaa, nikamjibu "Yes" kwa moyo mweupe, nikikusudia lile tunalolisema kila siku: naam, ni kama unavyosema, hatuna. Saa kumi alasiri akashuka kwenye bajaji na mabegi mawili, uso umemchanua, anataka chumba chake. Sisi "ndiyo" yetu huitikia kauli ya aliyeuliza, ukiniuliza "Hujala?" nikakujibu "Ndiyo", utanipakulia. Wasemaji wa Kiingereza wao hutazama jambo lenyewe, kwamba kama chumba hakipo basi jibu ni "No", swali liwe limekanusha au halikukanusha. Nilimpa chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama tangi la maji na kamba ya kuanikia mashuka, naye akakaa siku mbili bila kuniangalia usoni.

Aibu haijanitoka, mwingine akaniuliza, "Would you mind if I paid tomorrow?", yaani, je, utaudhika nikilipa kesho? Nikamjibu kwa tabasamu, "Certainly!" Maskini, akageuka kimya akaenda mjini kutafuta fedha kwenye mashine ya benki, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba hakika jambo hilo linaniudhi. Kumbe ruhusa yenyewe hutolewa kwa kukanusha, "Not at all". Utaona ni kisa kile kile cha "ndiyo" kimevaa nguo nyingine.

Na "surely", je? Kamusi yangu inasema ni "hakika", nami nikamwandikia mgeni wa Agosti, "Surely you have sent the deposit", nikikusudia kumthibitishia kwamba malipo yake ya awali tumeyaona. Akanitumia stakabadhi tatu na maelezo marefu, kama mtu aliyeitwa mwizi. Baadaye nikafahamu kwamba neno hilo mara nyingi hubeba wasiwasi wa msemaji, kana kwamba nilimuuliza, "Hivi kweli umetuma?" Ajabu ni kwamba hata sisi tunalo la namna hiyo, maana tukisema "Bila shaka ameshafika", huyo mtu hatujamwona na shaka tunayo.

Kukataa ndiko kunakonitesa zaidi. Bosi ananitaka nikaze sauti niseme "Absolutely not" mgeni akiomba kuondoka saa tisa badala ya saa nne, lakini masikioni mwangu hilo ni mlango uliobamizwa, na mimi nimelelewa kusema "Tutaona, Inshallah" na mtu akaelewa. Nimeegemea "Unfortunately", ambalo angalau humpa mgeni pole kabla ya kumnyima. Kisha kuna "really": mmoja aliletewa pweza akasema, "I don't really like octopus", nikamwondolea sahani mbio nikidhani anachefukwa, kumbe alisema tu kwamba si mpenzi sana wa pweza, na angemla. Angesema "I really don't like", hapo ndipo ningekuwa na haki ya kukimbia.

Sasa nina barua ya kumwomba radhi yule wa Agosti, na sitaki kuituma kabla hujaipitia. Je, nikiandika "We will certainly keep your room", ataamini au ataona ninajitetea? Kuna tofauti gani kati ya "I definitely won't" na "I won't definitely"? Ni kweli kwamba "Of course" ikijibu swali la kawaida husikika kama "swali gani hilo"? Maana kila asubuhi ninawajibu hivyo wanaouliza kama chai imo kwenye bei! Na wanafunzi wako hiyo "Yes" unawafunza vipi hata waizoee? Kanga ya Mama Zuhura nimwambie nini?

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali.

Wako,
Mwanahamisi