Makaburi ya nguzo

Malindi

Rafiki yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Barua yako kutoka Bagamoyo nimeipata, nami namshukuru Mungu kwamba u mzima pamoja na jamaa wote. Umeniuliza kama makaburi ya nguzo yaliletwa huku na Waarabu au Washirazi, kama wengi wasemavyo. Mimi naamini kwamba dini ilikuja na bahari, lakini nguzo ni yetu.

Chukua mfano wa Gede, magofu ya mji wa kale karibu nasi hapa Malindi, ambao tangu 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Karibu na msikiti mkuu lipo kaburi lenye maandishi yanayotaja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na ndilo lililowasaidia watafiti, tangu mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, kukadiria umri wa majengo ya jirani. Chini ya ardhi hakuna cha ajabu: maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia na kuelekezwa kibla, ambayo kwetu huku ni upande wa kaskazini. Juu ya ardhi ndiko mambo yanakobadilika. Kuta za matumbawe na chokaa hulizunguka kaburi, na kwenye baadhi yake huinuka nguzo, nyingine za mviringo na nyingine za pembe, ambazo huzikuti Arabuni wala Uajemi, bali zimetapakaa pwani hii kuanzia Somalia hadi Tanzania. Ukisogea hadi ukaigusa lipu, utaona vishimo vya mviringo ambamo mafundi walipachika bakuli za kaure za Kichina. Nyingi zimeng'olewa, lakini alama ya kitako cha bakuli bado imo ndani ya chokaa.

Hadithi aliyoipokea Imam Muslim inakataza kulitia kaburi chokaa na kujenga juu yake. Hata hivyo waliojenga nguzo hizi walikuwa watu wa msikiti, na makaburi yao yako hatua chache tu kutoka kwenye mihrabu. Siwahukumu. Naona walikuwa na desturi ya kumsimamishia marehemu kitu chenye kimo, nayo ilikuwa na mizizi mirefu mno kuachwa. Wapo wataalamu wanaozilinganisha nguzo hizi na mawe yaliyosimamishwa makaburini huko Tiya, kusini mwa Addis Ababa, na ulinganisho huo unanivutia kuliko hadithi za Shirazi.

Karibu zaidi na kwetu wapo Wagiriama na vigango vyao. Sisemi kwamba nguzo ilitokana na kigango, ila fikra inayoviunganisha naiona wazi. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na michoro ya pembetatu, na husimamishwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, peke yake. Marehemu wengine huwekewa koma, ambazo ni vijiti vidogo. Kigango hakisimamishwi siku ya maziko. Mara nyingi hungojewa mpaka marehemu amtokee ndugu yake ndotoni na kukidai, na kikishasimamishwa hakihamishwi tena, hata ukoo wenyewe ukihama. Ndiyo maana wizi wa vigango unaniuma sana. Viling'olewa usiku, vikauzwa ng'ambo kama mapambo, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilikubali kuvirudisha 30. Aliyenunua aliona sanaa, lakini mwenye kigango alinyang'anywa mzee wake.

Wewe unaishi karibu na magofu ya Kaole, nami nina ombi. Nenda ukazitazame nguzo za huko, uhesabu vishimo vya bakuli katika kila moja, na uwaulize wazee kama bado kuna wanaofukiza ubani na kuweka nadhiri hapo. Niandikie majibu yao kwa maneno yao wenyewe.

Wasalaam,
Rafiki yako wa Malindi