Kisanduku cha kukagulia lenzi za miwani kiundwe hapa hapa Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi miwani, wakufunzi wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na maofisa wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) wa mkoa wetu kuhusu chombo ambacho naamini tunaweza kukiunda wenyewe.

Kilichonisukuma kuandika ni miwani yangu ya kusomea, ya dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ambayo mafundi huiita namba), niliyotengenezewa katika duka moja ambalo sitalitaja. Kila niliposoma kwa robo saa kichwa kiliniuma na mistari ya gazeti ikaanza kupandana. Namba ya lenzi ilikuwa sahihi, hivyo nikatoka uani saa sita mchana, nikaielekeza miwani kwenye jua juu ya karatasi, na kwa umbali wa sentimita 33 nikapata nukta mbili kali za mwanga. Nilipozipima kwa rula zilikuwa zimeachana milimita 72, ilhali mboni zangu zimeachana milimita 62. Kila kitovu cha lenzi, basi, kilikuwa kimekosea milimita 5, na ukizidisha nusu sentimita kwa dayopta 3 unapata prizimu 1.5, yaani kipimo cha jinsi lenzi inavyoupinda mwanga kuelekea upande, kwa kila jicho, mzigo ambao macho yangu yalikuwa yakiubeba bila mimi kujua.

Lensomita, mashine ya kupimia namba na kitovu cha lenzi, ingelibaini kosa hilo kama mtu angejishughulisha kuitumia. Hata hivyo, lensomita ya mezani ni nzito, na fundi anayepanda kivuko kwenda Ukerewe hawezi kutembea nayo. Isitoshe, haisemi lolote kuhusu mikwaruzo wala kuhusu lenzi iliyobanwa kupita kiasi na fremu. Kwa mambo hayo fundi huinua miwani kwenye taa na kukisia.

Napendekeza kisanduku kimoja chenye taa moja ndogo ya betri, mkono mmoja wa kushikia miwani, na kazi tatu. Kazi ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu, ni kupima namba. Ndani kuwe na lenzi ya kudumu ya dayopta 10, ambayo fokasi yake, yaani mahali inapokusanyia miale ya mbali, iko sentimita 10. Miwani iwekwe kwenye fokasi ya upande mmoja, uso wake wa upande wa jicho ukiegemea kizuizi, na upande wa pili kuwe na alama ya msalaba inayotelezeshwa juu ya rula hadi ionekane wazi kupitia miwani. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kila dayopta moja ya miwani huisogeza alama sentimita moja kamili, hivyo robo dayopta ni milimita mbili na nusu, kipimo ambacho hata rula ya mwanafunzi inakionyesha. Kwa lenzi yenye silinda, yaani ambayo nguvu yake haiko sawa pande zote, mistari miwili ya msalaba haitaonekana wazi mahali pamoja. Alama ikizungushwa juu ya kipimapembe hadi kila mstari utulie, tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo silinda yenyewe. Nasisitiza jambo moja ambalo wabunifu wa haraka hulisahau: mtazamaji atumie darubini ndogo iliyorekebishwa kwa vitu vya mbali, la sivyo atakuwa anapima jicho lake badala ya lenzi.

Kazi ya pili ni rahisi. Kitambaa cheusi nyuma, mwanga kutoka ubavuni, na mkwaruzo unang'aa kama uzi.

Kazi ya tatu huwashangaza wanafunzi kila ninapoionyesha. Chukua vipande viwili vya utando wa poloraidi, unaopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, ambao mafundi kompyuta wanaweza kuubandua kwenye vioo vya kompyuta mpakato vilivyopasuka, uvikingamishe hadi mwanga uzime, kisha uingize miwani katikati. Lenzi iliyotulia hubaki nyeusi, lakini iliyobanwa na fremu huonyesha mabaka meupe au ya rangi karibu na skrubu, na hapo ndipo ufa huanzia. Lenzi za polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, huonyesha rangi hata zisipobanwa, hivyo fundi ajue kwanza ameshika lenzi ya aina gani.

Wapo watakaotaka tuongeze kipimo cha urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, kwa ajili ya wavuvi wetu, ambao mwanga wa ziwa huwapiga macho kutoka juu na chini. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa miwani nyeusi isiyozuia miale hiyo hupanua mboni na kuiruhusu iingie zaidi. Lakini taa ya kukagulia noti, ambayo hutoa miale hiyo, na karatasi nyeupe vinatosha kwa jaribio la juu juu: karatasi ikiendelea kung'aa kibuluu nyuma ya lenzi, lenzi hiyo haizuii. Nisingependa kisanduku kibebeshwe kazi ya nne kikaishia kuharibika kila wiki.

Ombi langu kwa wakufunzi ni kwamba kazi hii ipewe wanafunzi kama mradi wa mwaka, na kwa mafundi wenye lensomita ni kwamba watuazime lenzi ambazo namba zake wamekwisha kuzipima, ili tusahihishe rula yetu kwazo. Mfano wangu wa mbao unafanya kazi ya pili na ya tatu. Ya kwanza bado inakosea karibu nusu dayopta, kwa sababu reli ya alama inacheza, na hilo linahitaji mtu mwenye mashine ya kuchonga chuma.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Nyegezi, Mwanza.