Kufuli la Facebook halikumfunga mzushi

Mhariri,

Makala mliyoichapa wiki jana kuhusu mitandao ya kijamii inasema kwamba uhuru wa kusema haumlindi anayetoa habari za uongo, kwamba kufungwa kwa Facebook Januari 2021 kulipunguza uzushi, na kwamba sasa Bunge liongeze adhabu. Imeandikwa kwa ufasaha, lakini imeruka mambo ambayo mtu hawezi kuyaruka akizungumzia suala hili nchini Uganda.

Kosa la "habari za uongo" tulikuwa nalo, katika kifungu cha 50 cha Sheria ya Adhabu. Mahakama ya Juu ililifuta tarehe 11 Februari 2004 katika kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Majaji walisema kauli haipotezi ulinzi wa Katiba eti kwa kuwa mwingine anaiona ya uongo au inamuudhi. Anayetaka kuibana sharti apitie ibara ya 43, aonyeshe kwamba kizuizi chake kina sababu inayothibitika katika jamii huru ya kidemokrasia. Makala haigusi hata neno moja la hukumu hiyo.

Adhabu nazo hazikupungua. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichomwadhibu anayevuruga "amani na utulivu" wa mtu kwa faini isiyozidi shilingi 480,000 au mwaka mmoja jela, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua mpaka wa maneno hayo. Ajabu ni kwamba miezi mitatu kabla, Oktoba 2022, marekebisho yalikuwa yametiwa saini yakiweka kosa la kusambaza "habari zenye nia mbaya": hadi shilingi milioni 15 au miaka saba. Maneno mengine yasiyo na mpaka, kifungo mara saba. Mwandishi anataka kiongezwe hadi wapi?

Nije kwenye Facebook, ambako makala imekosea zaidi. Amri ya kufunga ikitoka, kampuni za simu huzuia anwani za mtandao huo kwenye mitambo yao. Mtumiaji akiwasha VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, data yake husafiri imefichwa kwa msimbo hadi seva iliyo nje ya nchi, na kampuni ya simu huona tu kwamba simu inawasiliana na seva hiyo. Watu waliijua njia hii tangu uchaguzi wa Februari 2016, wakaizoea Julai 2018 ilipoanza kodi ya kutumia mitandao ya kijamii (OTT) ya shilingi 200 kwa siku. Matokeo yake ni kinyume cha anachodai mwandishi: anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) inayobaki kwenye kumbukumbu ni ya seva ya ng'ambo, kwa hiyo mzushi hufuatika kwa shida zaidi kuliko kabla ya kufungwa. Anayeumia ni muuza nguo wa soko la Owino, Kampala, ambaye wateja wake walikuwa Facebook. VPN inamlia bando na betri, na nyingi za bure hujilipa kwa kuuza taarifa za mtumiaji.

Mahali pamoja makala ina haki: wanawake wanaotishiwa kwa picha zao za faragha wanahitaji msaada wa haraka. Ila msaada huo huanza na ushahidi. Mlalamikaji anakili kiungo cha wasifu wa akaunti, kwani jina linaloonekana hubadilishwa kwa sekunde chache. Anaandika siku na saa, anapiga picha ya skrini inayoonyesha kiungo cha chapisho, ndipo aripoti kwa mtandao wenyewe. Akitanguliza kuripoti, chapisho laweza kuondolewa kabla hajalihifadhi. Mazungumzo ya awali asiyafute kwenye simu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaitaka mahakama ipime namna rekodi ilivyotunzwa, na picha ya skrini peke yake wakili wa upande wa pili huipangua upesi.

Msomaji wenu,
Jinja