Mkataba wa muda maalumu unamfaa rubani yupi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie hoja ambayo siku hizi inasikika mara kwa mara, kwamba mikataba ya ajira ya muda maalumu, yaani ile ya miaka miwili au mitatu ambayo huhuishwa au huachwa ikafa yenyewe, inawafaa marubani wa ndege za abiria kuliko ajira ya kudumu. Nimefanya kazi hiyo chini ya ajira za aina zote mbili, kwanza nikiwa rubani msaidizi na baadaye nikiwa kapteni, na ninaamini kwamba hoja hiyo ni ya kweli kwa marubani wachache tu. Walio wengi huumizwa na mikataba hiyo kwa namna ambayo haionekani siku ya kutia saini.

Nianze na hao wachache, kwa sababu si haki kuwapuuza. Kapteni mwenye maelfu ya saa za kuruka, aliyezoea aina ya ndege inayotafutwa sokoni, hukutana na mwajiri akiwa na nguvu ya kudai. Mashirika ya ndege ya China, kwa mfano, yamewahi kuwavutia makapteni wa kigeni kwa mikataba ya miaka michache yenye malipo makubwa kuliko waliyokuwa wakipata kwao. Aidha, katika mashirika mengi ya ajira ya kudumu, cheo, ratiba na likizo hufuata orodha ya ukongwe, na anayehamia shirika jingine huanzia mkiani hata kama ameruka miaka 20; mkataba wa muda maalumu humwezesha kuingia moja kwa moja katika kiti cha kapteni. Vilevile, tangu mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipoongeza ukomo wa umri kutoka miaka 60 hadi 65 kwa marubani wa safari za kibiashara za kimataifa wanaoruka wawili au zaidi, rubani aliyebakiza miaka mitatu au minne hana sababu ya kuuogopa mkataba wa miaka mitatu.

Kwa kijana anayeanza kazi hali ni tofauti kabisa. Huyu huingia kazini akiwa na deni la chuo cha urubani, kisha huongezewa gharama ya mafunzo ya aina ya ndege ambayo shirika linaitumia, na mara nyingi gharama hiyo huandikwa kama deni linalopungua kadiri anavyoendelea kutumikia. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili, lakini deni la mafunzo lilipangwa kwisha kwa miaka mitatu. Shirika lilipoamua kuziondoa ndege zile, mkataba wangu haukuhuishwa, nami nikadaiwa salio la mwaka ambao lenyewe lilikuwa limekataa kuniajiri. Nililipa. Sikuwa na uwezo wa kwenda mahakamani, na niliogopa kujulikana kama mtu wa mashauri kabla hata sijapata kazi nyingine.

Tena, kukosa kazi kwa rubani si kama kukosa kazi kwa mtumishi wa kawaida. Kanuni humtaka awe ameruka na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita ndipo aruhusiwe kubeba abiria, na hupimwa ujuzi mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida katika simuleta, mashine inayoigiza mwendo wa ndege. Cheti chake cha afya nacho hudumu mwaka mmoja tu, na akifikisha miaka 60 hudumu miezi sita. Kwa hiyo rubani ambaye mkataba wake umekwisha hupoteza, pamoja na mshahara, sifa zenyewe zinazomfanya aajirike, na kuzirejesha ni kwa fedha zake mwenyewe. Wanaosema kwamba mkataba mfupi humfanya rubani awe makini huenda hawajui kwamba, hata akiwa na ajira ya kudumu, kila baada ya miezi sita huulizwa upya kama anastahili kukaa kwenye kiti kile.

Jambo linalonisumbua zaidi ni usalama. Mfumo wa usalama wa anga unategemea rubani aseme: nimechoka, nimekosea, ndege hii ina hitilafu ambayo sikubali kuondoka nayo. Kapteni ana mamlaka ya kisheria ya kukataa safari, lakini mamlaka hayo hupimwa pale anapojua kwamba mkataba wake unakwisha baada ya wiki 10 na kwamba meneja anayelalamikia kuchelewa kwa safari ndiye atakayependekeza majina ya kuhuishiwa. Hakuna atakayemwadhibu, kwani kutohuisha mkataba hakuhitaji kutolewa sababu. Nimewahi kukaa pembeni ya rubani msaidizi aliyesinzia mara mbili kabla hatujaanza kushuka, na tulipofika aliniomba kwa unyenyekevu nisiandike ripoti ya uchovu hadi mkataba wake mpya utoke. Niliiandika bila jina lake, na mpaka leo sijui kama nilimtendea haki yeye, au abiria.

Sidai mikataba hii ipigwe marufuku. Mashirika yana misimu ya wasafiri wengi na misimu mikavu. Ninachodai ni kinga. Mkataba wa kimataifa Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka kuwe na kinga dhidi ya ajira za muda maalumu zinazotumiwa kukwepa ulinzi wa mfanyakazi, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 linazitaka nchi wanachama kuzuia mikataba ya kuhuishwa mfululizo bila mpaka. Kwa marubani kinga hiyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe: deni la mafunzo lifutike siku shirika linapokataa kuhuisha, uamuzi wa kuhuisha au kutohuisha utolewe miezi sita kabla, kwa maandishi na kwa sababu, na wanaouamua wasiwe wale wanaosoma ripoti za uchovu na za usalama.

Wako,
Kapteni wa ndege za abiria