Nasi wa miaka hamsini tuandikiwe dawa

Mhariri,

Hapa Busia, upande wa Uganda, msichana wa miaka 25 akienda kituo cha afya kuomba sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, anapimwa presha, anaulizwa maswali machache, anachomwa, anarudi sokoni. Vijijini hata wahudumu wa afya wa kijiji wamefundishwa kuichoma. Sindano hiyo ni homoni. Sina ugomvi nayo, nami niliitumia nilipomaliza kuzaa. Ila nashangaa: mbona nikifika mlango uleule nikiwa na miaka 48, hedhi ikielekea kukoma, nikitaja homoni, natazamwa kama niliyeomba sumu?

Mimi nauza nafaka. Nanunua mahindi na maharagwe kwa wakulima, nawauzia Wakenya wanaokuja na malori. Kazi hii inataka kichwa kilichotulia: bei ya leo, uzito wa gunia, nani analipa na nani anadaiwa. Mwaka jana kichwa kikaanza kunisaliti. Niko kwenye mizani, mteja amesimama, joto linapanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho linadondokea karatasi, na ile hesabu iliyokuwa mdomoni imekwenda. Usiku naamka shuka limelowa. Hedhi nayo ikakosa adabu: inapotea, inarudi kwa fujo, inapotea tena.

Wasomaji wa Uganda wanajua kwamba hospitalini kila mtu anakwenda na daftari lake, la kawaida la shule, na humo ndimo wanamoandika maradhi yako. Langu linachekesha. Ukurasa wa kwanza, malaria. Kipimo cha kidole kilisema hakuna malaria, dawa ya malaria nikapewa. Ukurasa wa pili, maambukizi ya njia ya mkojo. Wa tatu, mawazo mengi. Nilipimwa pia Ukimwi na kifua kikuu, na kwa hilo nawashukuru, kwani jasho la usiku ni lazima lichunguzwe. Lakini majibu yalipotoka safi, hakuna aliyeniuliza: mama, umri wako ni upi, na hedhi ikoje?

Aliyeuliza ni binti yangu, anayesomea uuguzi. Akanieleza kwamba ovari zinapokaribia kustaafu hazizimi siku moja. Homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpangilio, pengine kwa miaka kadhaa, mpaka mwanamke amalize miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Hapo ndipo anahesabiwa kuwa amekoma hedhi. Na kwamba dawa ipo: kurudishiwa kiasi kidogo cha homoni zile zinazopungua.

Nikaenda kliniki moja ya kulipia, siitaji. Kwanza nikatozwa kipimo cha damu cha homoni. Majibu yakaja "sawa", daktari akanipa pole na kunitakia safari njema. Sasa, mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2015 unasema wazi kwamba mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili hizi hahitaji kipimo hicho, kwa sababu homoni za leo si za kesho. Dalili na umri vinatosha. Nililipa bure. Nilipomwambia daktari nataka hiyo tiba, akanijibu, tena kwa upole, "Mama, hiyo inaleta saratani. Huo ni umri tu, vumilia. Bibi zetu walipita hapohapo."

Nikamwambia, "Daktari mwanangu, bibi zetu walizalia pia chini ya mgomba. Mbona wodi ya wazazi hamjaifunga?" Akacheka, lakini kalamu hakuishika.

Hofu yake haikutoka hewani. Julai 2002 huko Marekani utafiti mkubwa wa dawa hizi ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Wanawake waliotumia vidonge vya homoni mbili walipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao: nyongeza ya wanawake kama 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Habari ikazunguka dunia na madaktari wengi wakaweka kalamu chini. Ambacho hakikuzunguka kwa kasi hiyo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi wao hedhi ilikwisha zamani. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hana ugonjwa unaomzuia kutumia dawa hizi, hesabu ya faida na hasara ni nyingine. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe ilitangaza kuondoa onyo kali la saratani ya matiti lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizi. Na nyongeza hii iwachekeshe wasomaji: moja ya homoni mbili za utafiti ule, medroksiprojesteroni, ndiyo hiyohiyo iliyomo katika sindano ya miezi mitatu. Sisemi sindano hiyo ndiyo tiba yetu, kwani siyo. Nasema tu woga wenyewe unachagua umri.

Mwishowe nilipanda basi kwenda Kampala kwa daktari bingwa wa wanawake. Sikwenda na daftari la hospitali peke yake, nilibeba na la biashara, maana huko pembeni, kando ya magunia, nilikuwa nikiweka nukta kila joto linapopanda na msalaba kila ninapoona siku zangu. Daktari alilisoma lote. Alisimama kidogo kwenye bei ya maharagwe, akaniuliza kama ni kweli ni ghali hivyo, kisha akahesabu nukta. Halafu akauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: nimewahi kuwa na uvimbe wa titi, damu kuganda mguuni, ugonjwa wa ini, kutokwa damu kusikoeleweka? Mfuko wa uzazi ninao bado? Kumbe mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, lazima aongezewe homoni ya pili ili ukuta wa mfuko usinenepe hadi kuleta saratani. Akanipima presha, akanishika matiti, akaandika. Akanionya pia kwamba dawa hizi hazizuii mimba. Mungu apishe mbali.

Alinieleza kuwa zipo jeli na viraka vya kubandika kwenye ngozi, ambavyo haviongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge. Famasi nilizouliza hazikuwa navyo, basi natumia vidonge. Nalala. Mizani naisoma.

Lakini mimi nina nauli, na nina mtoto aliyesoma. Wenzangu wa sokoni hawana. Hospitali za serikali ziliacha kututoza mwaka 2001, ila kwenye dirisha la dawa la kwetu vidonge hivi sijaviona, na ukutani kila bango ni la mjamzito, la chanjo au la kupanga uzazi. Sisi tuliomaliza kuzaa ni kama tumefutwa kwenye rejista.

Naiomba Wizara ya Afya iwafundishe jambo hili manesi na maafisa tabibu wa vituo vya chini, maana ndio tunaokutana nao, si mabingwa wa Kampala. Dawa hizi zifike angalau kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Mwanamke mwenye jasho la usiku aulizwe umri wake kabla ya kupewa dawa ya malaria ambayo kipimo kimeikataa. Na daktari anayekataa kutuandikia tiba hii aandike sababu katika daftari letu, kwa mwandiko unaosomeka, ili atakayetuona baadaye aanzie hapo.

Mama Salma,
Muuza nafaka, Busia, Uganda