Safari za boti mikokoni zifuate maji, si saa ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie safari za boti zinazowapeleka wageni kuangalia ndege, viboko na mikoko katika Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, eneo ambalo tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya bahari yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650. Sina ugomvi na safari hizo. Natamani ziongezeke, kwa sababu Mtwara imezoea kutajwa kwa korosho na gesi tu, ilhali wapo watu wanaosafiri mbali sana kwa ajili ya ndege wa pwani, ambao wangeweza kulala Msimbati au Mikindani na kuacha fedha zao huko. Ninalolalamikia ni jambo moja: safari hizi zinapangwa kwa saa ya ukutani, na bahari haijawahi kuifuata saa hiyo.

Aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa haya, lakini wanaouza tiketi wengi wamekaa mjini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hufika kilele chake karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa, ingawa hayapandi sana. Sasa itazame safari iliyotangazwa kuwa inaondoka kila siku saa mbili asubuhi. Katika maji mafu itakwenda vizuri. Katika bamvua, boti inaingia kwenye vijito vya mikoko wakati maji yanatoka, na kwa kuwa tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hufika mita tatu na zaidi, kijito kilichoibeba boti saa mbili kinakuwa tope tupu saa nne.

Hayo yalitupata mimi na wageni wangu waliotoka Dodoma, msimu wa kaskazi uliopita. Boti ilikita tumbo matopeni, nahodha akanyanyua injini, akajaribu upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na upondo ukazama bila kugusa kitu kigumu. Tulikaa juani hadi maji yaliporudi baada ya adhuhuri, maji ya kunywa yakiwa yametuishia. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiokota tondo, konokono wa mikokoni, kwenye mizizi ya mikoko alitupita na ndoo yake, akasimama, akauliza, "Wanangu, hamkujua kama leo bamvua?" Kiongozi wetu, kijana mwenye fulana nzuri na kitambulisho shingoni, hakuwa na la kujibu. Nauli haikurudishwa, lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni wale tuliokwenda kuwatazama. Kati ya Oktoba na Machi ghuba yetu hupokea ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini, wengine wakitoka Siberia. Yupo pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene, mla kaa, ambaye huzaa kwenye mashimo anayochimba mchangani huko pwani za Arabuni na pembe ya Afrika, kisha huja kwetu kukaa. Ndege hawa nao wana ratiba, na ratiba yao ni ya maji. Yakipwa hutawanyika kwenye tope kula kaa, minyoo na konokono. Yakijaa husukumwa wakakusanyika kwenye mafungu machache ya mchanga, na hapo ndipo wanapopumzika. Boti inayofika maji yakiwa yamejaa kabisa huwakuta wote mahali pamoja, na nimeona kwa macho yangu nahodha akivurumisha injini kuelekea fungu la mchanga ili waruke, wageni wapate picha ya kundi likiwa angani. Picha ni nzuri, sibishi. Lakini ndege anayejinenepesha mwezi Februari kwa safari ya maelfu ya kilomita anachoma mafuta aliyoyatafuta tangu asubuhi, na hana fungu jingine la kwenda kutua.

Wakati unaofaa ni katikati: boti iingie na maji yanayopanda, ndege wakiwa bado wanakula pembezoni, wakisogea kidogo kidogo kadiri tope linavyofunikwa, na wenyewe ndio wanaoisogelea boti iliyozimwa injini. Halafu itoke maji yakianza kugeuka. Katika bamvua hiyo ni safari ya kuanzia saa nane mchana na kurudi kabla ya magharibi. Najua watu wa hoteli watasema jua la saa nane ni kali na mgeni ameshazoea kutoka baada ya kifungua kinywa. Jua ni kali kweli, ila boti inaweza kuwekewa turubai, wakati maji hayawezi kuwekewa chochote.

Ndiyo maana siamini kwamba kiongozi wa safari hizi apatikane kwa cheti cha lugha peke yake. Wavuvi wa Msimbati na Msangamkuu ukiwauliza leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, wanakujibu papo hapo, na kutokana na jibu hilo wanajua maji yatafika wapi na saa ngapi. Hao hao wanatofautisha aina za mikoko: mchu, wenye mizizi iliyochomoza kama penseli, na mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi. Wanajua mlilana husimama mbele kabisa kuikabili bahari. Kiongozi wetu wa siku ile alivielekeza vyote kwa mkono mmoja na kusema, "Hii ni mikoko." Kiingereza hufundishika kwa miezi kadhaa. Ujuzi wa mvuvi umemchukua tangu utotoni, na upande wa Ruvuma, ambako viboko na mamba wapo, ujuzi huo ndio usalama wa abiria.

Ombi langu kwa uongozi wa hifadhi na halmashauri ni kwamba kibali cha safari za boti kiwe na sharti la saa ya kuondoka kutokana na jedwali la maji, saa hiyo itangazwe kwa kila tarehe mahali tiketi zinapouzwa, na ikatazwe kusogelea mafungu ya kupumzikia ndege maji yakiwa yamejaa. Kila boti iwe na mvuvi wa kijiji jirani mwenye sauti ya mwisho kuhusu kuingia au kutoingia, naye alipwe hata siku atakaposema hapana, kwa sababu asipolipwa siku hiyo hatathubutu kulisema. Sharti hilo lianze kabla kaskazi haijaanza tena.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara